Maswali na Majibu: Glavu na Usukani wa Velodromu

Tangu Kigali ipokee mashindano ya dunia ya barabarani Septemba 2025, barua za baiskeli zimeongezeka, na nashukuru. Ila wengi mnarudia swali lile lile: kipi chepesi, kipi kitaniongezea kasi. Leo nimechagua maswali yanayohusu mikono tu. Kama hujui kwamba baiskeli ya velodromu (uwanja wa mviringo wa mbio za baiskeli) haina breki wala frii, yaani pedeli huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka, muulize fundi wako kwanza, halafu urudi.

Shikamoo mwalimu. Naanza masomo ya velodromu London mwezi ujao, na rafiki yangu kaniambia nisiende bila glavu. Ukumbi ni wa ndani na una joto. Za nini? (Msomaji, Stratford)

Marahaba. Glavu za velodromu hazina uhusiano wowote na baridi. Ni za kuangukia. Mtu akianguka hutanguliza kiganja, hata akiwa ameambiwa mara mia asifanye hivyo. Pale velodromuni Stratford kona zimeinuka hadi nyuzi 42, kwa hiyo ukidondokea juu hutulii hapo ulipodondoka. Unateleza juu ya mbao mpaka chini, na msuguano wa mbao unaunguza ngozi vilevile kama kamba inayokuchoropoka mkononi. Kiganja kilichochunika kinauma wiki nzima. Hufungui mlango wala kukamua nguo bila kukumbuka.

Halafu kuna vibanzi. Velodromu ile imejengwa kwa msonobari wa Siberia, na mbao ni mbao. Mwaka 2011, kwenye mbio za keirin (kundi dogo hufuata pikipiki kwanza, kisha hukimbizana hadi mwisho) za Kombe la Dunia mjini Manchester, Azizulhasni Awang wa Malaysia alianguka karibu na mwisho, akainuka, akapanda tena baiskeli na kumaliza wa tatu, huku kibanzi cha kama sentimita 20 kikiwa kimepenya shavu la mguu wake, kimeingilia upande huu na kutokea upande wa pili. Glavu isingeuokoa mguu, najua, msiniandikie kunisahihisha. Nasema tu mjue mnachotelezea juu yake.

Kuna velodromu za Uingereza zisizoruhusu mtu hata kupanda bila glavu. Rafiki yako anakupenda.

Za vidole virefu au zilizokatwa?

Anayeanza avae za vidole virefu. Mazoea ya za kukatwa yametoka barabarani, ambako mtu anahitaji vidole wazi apangue gia, afungue chakula, ajifute jasho. Velodromuni hakuna gia ya kupangua, na chakula utakula ukishuka. Vifundo vya vidole ndivyo vinavyochunika wa kwanza, na ndivyo mnavyoviacha wazi.

Wa Madison, mbio za wawili wawili wanaopokezana, wana hoja yao. Pale mwenzako anakushika mkono na kukurusha mbele kwenye mbio, na baadhi yao wanataka vidole wazi ili washikane vizuri. Sawa. Ila wewe unayeuliza swali hili bado hujafika huko. Ukifika, angalia kwanza kwamba kiganja cha glavu hakitelezi kikilowa jasho. Wanaorushana wakikosana mkono hawaanguki peke yao, wanaondoka na kundi zima.

Zenye jeli nene zinasaidia?

Barabarani kwa saa tano, pengine. Velodromuni, hapana. Jeli inazungukazunguka kati ya mkono na usukani, na wewe unataka kuuhisi usukani. Nunua zenye kiganja chembamba cha ngozi au ngozi bandia, mshono mara mbili, na kamba ya kufungia kifundoni isiyoning'inia.

Usukani upi ni bora kwa velodromu?

Wa mbio gani? Upana gani wa mabega? Shingo (kipande kinachoubana usukani) ya kipenyo gani? Andika tena.

Nimeona wakimbiaji wa Olimpiki wana usukani mwembamba sana, kama wa baiskeli ya mtoto. Mimi natumia sentimita 40. Nikinunua wa 33 nitapunguza sekunde ngapi? (Msomaji, Birmingham)

Hili nalijibu kwa urefu kwa sababu linaletwa kila mwezi likiwa limevaa nguo tofauti.

Ni kweli usukani mwembamba unakusanya mikono mbele ya kifua na kupunguza upepo unaokugonga. Kwenye kasi zao ni jambo kubwa. Harrie Lavreysen, Paris 2024, alikata mita 200 kwa sekunde 9.088, yaani karibu kilomita 79 kwa saa. Kasi ikiongezeka maradufu, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu ya mara nne. Sasa jiulize wewe unakwenda kasi gani Jumanne jioni.

Pili, wale watu wana miaka ya mazoezi ya mgongo na tumbo yanayowawezesha kukandamiza pedeli bila baiskeli kuyumba. Usukani ni wenzo. Ukiufupisha, kila unapovuta kutoka kusimama unahitaji nguvu zaidi ili baiskeli isikukatie kulia au kushoto. Anayeanza akipewa wa 33 anachora nyoka mstari mzima wa kuondokea, na akiwa katikati ya kundi anamgusa jirani. Nimewaona wengi wakinunua wembamba Januari na kuuza Machi.

Tatu, hujui hata unapima nini. Kuna wanaopima kutoka katikati ya bomba hadi katikati ya bomba, na kuna wanaopima nje hadi nje. Bomba la usukani wa mbio lina unene wa milimita 23.8 hivi, kwa hiyo vipimo hivyo viwili vinatofautiana kwa zaidi ya sentimita mbili kwa usukani ule ule. "33" yako ya mtandaoni huenda ni 35 ya mwenzako. Soma mchoro, usisome kichwa cha tangazo.

Ushauri: pima kati ya mifupa miwili ya juu ya mabega, anzia hapo au sentimita mbili chini, kaa msimu mmoja. Ukiona mikono imetulia kwenye kuondoka na kwenye kundi, punguza tena mbili. Na kabla ya kulipa soma kanuni za upana za mashindano unayokwenda, za mwaka huu, maana UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, wamekuwa wakizigusa. Kuzuiwa kwenye meza ya ukaguzi na usukani mpya mkononi ni aibu ya bure.

Kuna usukani wa kaboni mtandaoni kwa robo ya bei ya dukani, una maandishi yale yale kabisa. Kuna tatizo gani?

Tatizo ni hayo maandishi yale yale. Rangi na stika ni rahisi kuiga. Mpangilio wa nyuzi za kaboni ndani hauonekani. Chuma kikizidiwa mara nyingi hupinda kwanza na kukupa nafasi ya kushuka. Kaboni mbaya haikupi taarifa, na kwenye baiskeli isiyo na breki wala frii pedeli zinaendelea kukusukuma mbele huku mkononi umebaki na kipande.

Na msidhani ni feki tu zinazovunjika. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Alex Porter wa Australia alikuwa kwenye mchujo wa mbio za timu za mita 4000 usukani ulipokatika mbele yake. Alianguka kifudifudi kwa kasi ya mbio. Timu iliruhusiwa kurudia, naye akarudi amefungwa bandeji puani, na mwisho wakachukua shaba. Usukani wenyewe haukuwa hata wa kaboni. Ulikuwa wa titani, umechapwa kwa printa ya 3D, umetengenezewa timu ya taifa yenye wahandisi. Uchunguzi uliofuata ulikuta haukuwa imara vya kutosha kwa nguvu ambazo mbio hizo zinaubebesha. Kama hilo linatokea kwa watu wenye wahandisi, wewe na kifurushi kisicho na anwani ya mtumaji mnatafuta nini?

Nunua alumini mpya ya kampuni unayoweza kuipigia simu. Au chuma. Wajapani wa keirin, mbio zao zilizoanza Kokura mwaka 1948, wamevuta chuma hicho miaka yote na mapaja mazito kuliko yako, na chuma kimevumilia.

Wa mtumba? Wa alumini au chuma, ukiwa umeondolewa tepu na umesafishwa, ndiyo, baada ya kuuangalia pale unapobanwa na shingo. Ukiona mstari mwembamba unaoshika ukucha, rudisha. Wa kaboni wa mtumba, hapana, hata ukipewa bure na shemeji.

Tepu rangi gani inapendeza?

Yoyote.

Niaje mzee. Niko na fiksi, ile haina frii, natoka Rongai hadi town kila siku. Sina breki, natumia miguu. Nataka kuweka usukani wa velodromu ule umekunjika chini, unakaa poa. Unapendekeza gani? (Kijana, Nairobi)

Poa kijana. Napendekeza breki ya mbele.

Usukani wa velodromu umeinama kuanzia kwenye shingo ili mikono chini ya kiwiko isigonge bomba mtu akiwa ameinama. Juu hakuna pa kushika vizuri. Maana yake utaendesha ukiwa umeinama, kichwa chini, kwenye barabara yenye matatu yanayosimama ghafla bila taa, boda zinazotoka kushoto na mashimo unayotakiwa kuyaona kutoka mbali. Velodromuni wote wanazunguka upande mmoja na hakuna anayefunga breki kwa sababu hakuna aliye nayo. Ndiyo maana inawezekana. Barabara ni kinyume cha hayo yote.

Miguu kama breki inafanya kazi siku usiyoihitaji. Cheni ikidondoka, huna kitu. Uingereza kwenyewe, mnakoangalia hizo video, sheria inataka fiksi iwe na breki ya mbele ikiwa barabarani. Na kabla hujanunua, chungulia foku yako (uma unaoshika gurudumu la mbele): foku nyingi za velodromu hazina tundu la kufungia breki, kwa hiyo huenda ukalazimika kubadilisha foku pia. Usukani ulionyooka au wa mbio za barabarani utabeba mkono wa breki bila shida.

Na nimeona umeandika mwishoni kwamba ukizidiwa unagusa tairi la mbele kwa glavu. Wazee wa velodromu walikuwa wakifanya hivyo, tena kwa mguso mwepesi, kwenye uwanja mtupu. Ukikandamiza, tairi linaubeba mkono na kuuingiza kwenye foku. Acha leo.

Usukani wangu mpya unacheza kwenye shingo hata ukikazwa. Fundi ameweka kipande cha kopo la soda, umetulia. Ni sawa?

Si sawa, toa. Kuna vipimo vitatu vya kipenyo utakavyokutana navyo mara nyingi: milimita 25.4, 26.0 na 31.8. Wako bila shaka ni 25.4 ndani ya shingo ya 26.0. Tofauti ni ndogo kiasi cha kumshawishi fundi, lakini bati linabana mahali pamoja na kuacha mahali pengine, na usukani unakatikia pale pale. Kuvuta kwa nguvu wakati wa kuondoka ndiko kutakakouonea. Badilisha shingo. Ukiwa hapo, nunua au azima spana ya kupimia ukazaji. Shingo nyingi zina namba imeandikwa karibu na bolti, mara nyingi niutoni mita 5. Kaza kwa zamu, bolti hii kidogo na ile kidogo, mpaka nafasi ya juu na ya chini zilingane. Fundi anayekaza "mpaka mkono useme basi" mpelekee mkokoteni.

Ni lazima vile vizibo vya mwisho wa usukani? Kimoja kimepotea.

Lazima. Bomba tupu likikuingia pajani linakata duara safi na kutoka na nyama. Kizibo ni bei ya soda. Usipande mpaka ukipate, na wakaguzi wakikurudisha nje ya uwanja usiwanunie.

Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu wa miaka 9 anaanza velodromu. Nimemnunulia glavu kubwa kidogo azikulie, na usukani wa baba yake. Nimekosea? (Mama, Manchester)

Njema, mama. Kukulia ni kwa sare ya shule. Glavu kubwa inajikunja kiganjani, na mtoto anashika mkunjo badala ya usukani. Mwambie akunje ngumi: kitambaa kisirundikane, na ncha za vidole zisiwe na nafasi tupu.

Usukani wa baba yake uweke kabatini. Tatizo si upana peke yake, ni umbali. Wa mtu mzima unampeleka mbele mno, akishika chini viwiko vinanyooka kabisa, na mtoto mwenye viwiko vilivyonyooka hawezi kukwepa chochote. Tafuta mwembamba wenye mkunjo mfupi. Klabu nyingi zina baiskeli za watoto za kukodi, mwache apande hizo mpaka aache kurefuka kila likizo.

Glavu zangu zinanuka hata zikifuliwa.

Unazifungia ndani ya kofia ngumu, kofia ndani ya begi, begi kwenye buti la gari mpaka Jumanne ijayo. Zianike.