Kabla hujamuuliza mtu kama alipata haki: kwa wanaoanza kufundisha na kutafiti haki jinai

Ndugu yangu unayeanza kufundisha haki jinai, yaani somo la polisi, mahakama na magereza, au unayeandaa andiko lako la kwanza la utafiti hapa Arusha au Moshi, nakuandikia kwa sababu mwaka wangu wa kwanza uwandani ulipotea karibu wote, na sitaki wako uende hivyo.

Nilikuwa na dodoso. Nililitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, usiku mmoja, kwa kujiamini kabisa. Utafiti ulihusu watu waliotendewa uhalifu, na nilikuwa nazunguka vijiji vya Arumeru. Swali la tisa liliuliza: "Je, ulipata haki?" Chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nilimkuta mzee mmoja aliyeibiwa ng'ombe wawili. Mwizi alikamatwa, akashtakiwa, akatiwa hatiani, akafungwa miaka mitano. Mzee akajibu hapana, nikaweka tiki. Nyumba ya pili hapana. Ya tatu hapana. Nikaanza kuiona tasnifu yangu inajiandika: wananchi hawana imani na mahakama. Kijana mwenyeji aliyekuwa akiniongoza akanivuta pembeni. "Madam, unaandika hapana, ila hujawauliza haki yao ni ipi."

Nikarudi kwa yule mzee. Shikamoo upya, tukakalishwa upya, tukaletewa maziwa. Nikamuuliza. Akanyoosha mkono kwenye nguzo ya boma ambako kamba ya katani ilikuwa bado imefungwa. "Haki yangu ni ng'ombe wawili. Yule kijana yuko gerezani anakula ugali wa serikali. Mimi nimebaki na kamba."

Vitabu vya Kiingereza tunavyofundishia vina neno moja kwa haki anayoitoa hakimu, jingine kwa haki aliyonayo mtu kwa kuzaliwa binadamu, na jingine kwa kile anachokudai mtu na lazima umpe. Kwetu yote matatu ni haki. Ukiuliza "ulipata haki?" mmoja atakujibu kuhusu hukumu, wa pili kuhusu jinsi alivyotendewa kituoni, wa tatu kuhusu mali yake. Kisha wewe utawajumlisha, utatoa asilimia, na asilimia hiyo haitakuwa na maana yoyote. Nilifuta safu nzima. Siku hizi nauliza kwa vipande: mwizi alipewa adhabu gani, wewe ulirudishiwa nini, nani alikueleza kesi inaendeleaje, ungetaka nini kingine kifanyike. Ni maswali marefu zaidi na yanachosha, lakini majibu yake unaweza kuyasimamia mbele ya mtu yeyote.

Kutoka kwenye ile kamba ndipo nilipopata mada ya shahada yangu ya uzamivu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu hakimu kuamuru mtu aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyetendewa kosa. Mzee hakuwa anajua. Hakuna aliyemwambia aombe, wala aliyemuombea. Nasikitika kila ninapoona wanafunzi wa uzamili wakichagua mada kwa kusoma vichwa vya makala za nje na kubadilisha jina la nchi. Mada nzuri iko kwenye jibu ambalo hukulitarajia.

Kaa mahakamani. Ningekuwa na uwezo ningemzuia kila mhadhiri mpya wa somo letu kuingia darasani mpaka awe amekaa mwezi mzima kwenye benchi la nyuma la mahakama ya mwanzo na mwezi mwingine mahakama ya wilaya. Kesi zinasikilizwa hadharani, huhitaji kibali kukaa na kusikiliza, isipokuwa zile zinazofungiwa milango, kama za watoto na nyingi za makosa ya kujamiiana. Hata hivyo fika mapema, msalimie karani, jitambulishe, mweleze kwa nini utaonekana pale kila siku. Usirekodi sauti. Simu zima kabisa.

Kitabu kitakuambia dhamana ni haki ya mshtakiwa kwa makosa yanayodhaminika. Nilimwona mama mmoja asubuhi, kitenge kimelowa umande, ameshuka na basi la kwanza kutoka Rombo kuja kumdhamini mwanawe. Alikuwa na kitambulisho cha taifa ndani ya mfuko wa nailoni, na barua ya utambulisho kutoka kijijini. Karani akaigeuza barua huku na huku. Ilikuwa na saini lakini haikuwa na muhuri. Kijana akarudishwa mahabusu hadi tarehe nyingine ya kutajwa kwa kesi. Yule mama aliikunja ile barua mara nne, taratibu, akairudisha kwenye mfuko wa nailoni, akatoka bila kusema neno. Ukifundisha dhamana, fundisha kifungu na fundisha muhuri. Hesabu pia ni mara ngapi kwa siku moja unasikia "upelelezi haujakamilika". Daftari langu la miezi mitatu ya kuhesabu maneno hayo mawili limenifaa kuliko semina yoyote niliyowahi kulipiwa posho.

Kuna utajiri mwingine hapa kwetu ambao watu huvuka bahari kuufuata, nasi tunaupita na daladala. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda kwa Azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, makao yake yalikuja Arusha, na kesi zikaendeshwa ndani ya majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Watu 93 walishtakiwa. Kumbukumbu zake zimetunzwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, na hukumu zake unazipata mtandaoni bila kulipa senti. Soma ile ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998. Wengi wanaikumbuka kwa kuwa ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na kwa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Mimi nakutaka utazame pale majaji walipomsikiliza mtaalamu wa lugha ili waelewe maneno ya Kinyarwanda waliyokuwa wakiyatumia mashahidi, neno kwa neno, pamoja na namna watu wanavyolisema jambo la aibu bila kulitaja. Walijua kwamba ushahidi uliotoka Kinyarwanda ukapita Kifaransa ndipo ukafika Kiingereza unaweza kuwa umedondosha kitu njiani. Nilipoisoma hukumu hiyo mara ya kwanza nilimfikiria mzee wangu wa Arumeru.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko Arusha, na vikao vyake vya hadhara unaweza kuhudhuria. Sehemu kubwa ya maombi iliyopokea yaliletwa na Watanzania, wengi wao wafungwa. Uamuzi wake wa tarehe 20 Novemba 2015 ulihusu mtu aliyekuwa akitumikia miaka 30 Gereza la Karanga, hapa hapa Moshi, kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na mahakama iliona kwamba kukosa msaada wa kisheria wakati wa kesi kulivunja haki yake ya kusikilizwa. Miaka miwili baadaye nchi yetu ikawa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mwaka 2019 Tanzania ilijiondoa kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka maombi moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Haya yote mwanafunzi wako anaweza kuyafuatilia kwa miguu, kutoka lango la gereza Moshi hadi chumba cha mahakama Arusha, kwa nauli ya Coaster. Mpe kazi hiyo badala ya kumkaririsha peke yake nadharia za uhalifu za wanasosholojia wa Chicago, Marekani.

Sasa gereza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo unaweza kumuumiza mtu huku karatasi zako zote zikiwa sawa.

Kibali cha kufanya utafiti gerezani kinaombwa kwa Kamishna Jenerali wa Magereza kupitia chuo chako, na kinachukua muda. Omba mapema, andika barua fupi, ambatisha maswali yote, na usijaribu njia ya mkato kwa mtu unayemfahamu. Nilipata changu, nikaingia gereza moja la kanda hii, nikakaa na mfungwa wa makamo. Nilimsomea fomu ya ridhaa. Akasaini. Alijibu kila swali kwa utulivu na kwa kirefu, nami moyoni nikashukuru kupata mtu anayezungumza vizuri hivyo. Tulipomaliza akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Ilikuwa nakala ya hukumu yake. "Mama, rufaa yangu ikiitwa, utakuwepo wewe au utamtuma mwenzako?"

Saa nzima alikuwa anazungumza na wakili wake. Fomu ilisema mtafiti, chuo, hiari, usiri. Kwake, mtu aliyevaa vizuri, aliyeruhusiwa kuingia, anayeandika kila neno, alikuwa mtu wa kumsaidia kesi. Saini ile haikuwa ridhaa, na mahojiano yale sikuyatumia. Nilimweleza ukweli pale pale, nikauona uso wake ukibadilika, na siwezi kukusimulia jambo hilo kwa wepesi hata leo. Tangu siku hiyo sentensi yangu ya kwanza, kabla ya jina langu, ni hii: mimi si wakili, siwezi kukusaidia kesi yako, na ukikataa kuzungumza nami hakuna kitakachobadilika. Kisha namwomba anirudishie kwa maneno yake. Asipoweza kunirudishia, naaga. Nimeongeza pia desturi ya kuulizia kabla ni shirika gani la msaada wa kisheria linalofika gereza lile, nikiulizwa nisiwe na mikono mitupu.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyeniambia. Mawasiliano ya wakili na mteja wake yanalindwa na Sheria ya Ushahidi. Ya mtafiti na mhojiwa wake hayalindwi. Mtu akikusimulia kosa ambalo polisi hawalijui, ukaandika jina, mahali na tarehe, daftari lako linaweza kuitwa mahakamani na wewe nalo. Kwa hiyo mkatize kwa upole kabla hajafika huko. Usiulize majina, usiandike tarehe kamili, na ufunguo wa kuunganisha namba na watu uutunze mbali na madaftari au usiwe nao kabisa. Wasaidizi wako uwandani uwafundishe hivyo hivyo, maana vijana hupenda habari kamili.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema kwa ufupi. Matangazo mengi ya vyuo hutaka GPA ya 3.8 ya shahada ya kwanza, na ya uzamili 4.0, kwa hiyo kama bado uko masomoni linda alama zako sasa. Hakuna idara nyingi zinazoitwa za haki jinai; utajikuta kitivo cha sheria au sosholojia, ukifundisha pia vitu ambavyo hukuviombea. Kubali, lakini shika somo moja uwe wewe ndiye unayejulikana nalo. Kazi za ushauri elekezi za mashirika zinalipa haraka na Arusha zimejaa. Zimechelewesha uzamivu wa rafiki zangu watatu kwa zaidi ya miaka minne kila mmoja. Chukua moja kwa mwaka, na uweke kwenye mkataba kwamba takwimu utazitumia kitaaluma. Jarida linalokubali makala yako ndani ya wiki moja na kutaka pesa kwanza, likimbie.

Na darasani, heshimu waliokaa mbele yako. Moshi ni mji wa Shule ya Polisi, na katika vipindi vya jioni utakuta koplo, askari magereza, afisa wa dawati la jinsia na watoto, karani wa mahakama. Muhula wangu wa kwanza nilieleza hatua za kumkamata mtuhumiwa kama zilivyo kwenye sheria. Mkono ukainuka nyuma. "Mwalimu, sheria iko sawa. Ila kituo hakina gari, na kijiji kiko kilomita kumi na nane. Hapo nifanyeje?" Niliona haya, nikajibu kijuujuu. Wiki iliyofuata nilimwomba aje mbele, aeleze ukamataji mmoja kuanzia simu ilipopigwa hadi mtu alipoandikishwa kaunta, na darasa likasimamisha maelezo kila hatua kutafuta kifungu kinachohusika. Tulimaliza saa tatu usiku, mlinzi amesimama mlangoni na funguo. Somo hilo nimelirudia kila mwaka.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake kuhusu taasisi za haki jinai Julai 2023. Isome yote kabla hujaandika sentensi "hakuna tafiti za kutosha nchini". Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutunga istilahi za somo letu bado mbichi. Ukiweza, kila makala unayochapisha kwa Kiingereza ifanyie kurasa mbili za Kiswahili na uzirudishe kule ulikochukua majibu. Nilipomrudishia yule mzee za kwangu, mjukuu wake wa darasa la sita alimsomea kwa sauti, chini ya mti. Walipofika kwenye aya ya fidia mzee akamwambia rudia. Akarudia. Akamwambia rudia tena, kisha akamtuma akamwite jirani aliyeibiwa mbuzi mwezi ule, kesi yake ilikuwa bado haijaisha.