Mkuu, usiiguse hiyo InVmConnectionFactory

Mkuu, usihifadhi hiyo standalone-full.xml, faili la mipangilio ya seva! Umesema klaienti yako ya JMS (njia ya Java ya kutumiana ujumbe) inaendeshwa peke yake nje ya WildFly, seva ya programu za Java, ukitafuta java:/ConnectionFactory inakutupia NameNotFoundException, yaani jina halijapatikana, na jamaa mmoja kakushauri uongeze java:jboss/exported/ConnectionFactory kwenye InVmConnectionFactory, mojawapo ya vitu vya seva vya kutengenezea miunganisho, ili jina lionekane kwa walio nje. Unauliza kama uko sawa. Hauko sawa hata kidogo. Rudisha faili lilivyokuwa kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Ushauri huo huo tuliuziwa sisi na mtaalamu aliyelipwa hela nzuri. Tulikuwa na programu ndogo ya kutuma risiti kutoka tawini kwenda seva kuu, na erori ilikuwa hiyo hiyo yako. Akaongeza mstari, akawasha seva, lookup (kutafuta kitu kwa jina lake) ikapita, akapiga picha ya skrini, akaandika ripoti kwamba tatizo limekwisha, akaondoka zake. Na kweli jina lilikuwa linapatikana. Kilichokufa ni hatua inayofuata, createConnection, ya kufungua muunganisho wenyewe: AMQ119007, Cannot connect to server(s). Matoleo mapya yanaandika AMQ219007.

Erori hiyo inapotosha vibaya sana. Inasema seva haifikiki, basi kila mtu akamgeukia kijana wa mtandao. Ikafunguliwa poti 61616, ikafunguliwa 5445, VPN ikabadilishwa, kijana akasemwa mbele ya wakubwa, na hakuwa na kosa lolote. Yeye mwenyewe alituonyesha kwenye tcpdump, programu ya kunasa data inayopita mtandaoni, kwamba baada ya lookup klaienti haifungui muunganisho wowote mpya kwenda nje. Hakusikilizwa, kwa sababu mtaalamu alishasema upande wa seva uko safi. Na asije mtu hapa kudai hatukusoma logi: tulizisoma mpaka tukazikariri kama kaswida. Risiti zilirundikana tawini, wateja wakaja juu, na aliyetuingiza humo simu hapokei.

Sababu ni hii. Lookup haikuletei muunganisho, inakuletea kitu kilichobeba maelekezo ya namna ya kuunganisha. InVm maana yake ni ndani ya JVM hiyo hiyo, yaani mchakato ule ule wa Java. Angalia mstari wake, umeandikwa connectors="in-vm". Kikifika kwa klaienti yako, kinaitafuta seva ndani ya JVM ya klaienti. Haipo humo na haitakuwepo, hata ufungue poti zote za dunia. Kwa hiyo shika hili moja tu: soma connectors (njia ya kuunganisha) kabla hujasoma entries (majina).

Shuka mistari michache chini utaikuta RemoteConnectionFactory, yenye connectors="http-connector" na java:jboss/exported/jms/RemoteConnectionFactory. Hiyo ndiyo yako. Kwenye klaienti andika jms/RemoteConnectionFactory basi, bila java:jboss/exported/, maana utafutaji wa kutoka nje unaanzia humo humo. Isome erori yako mpaka mwisho: ukikuta "service jboss.naming.context.java.jboss.exported" ikifuatiwa na jina lako, ujue seva umeshaifikia, achana na mtandao. Foleni ya ujumbe nayo vivyo hivyo, iwe na jina lake chini ya java:jboss/exported. Ikiwa na java:/ peke yake, aliye nje haioni.

Mengine kwa haraka: java.naming.factory.initial iwe org.wildfly.naming.client.WildFlyInitialContextFactory, java.naming.provider.url iwe remote+http:// na anwani ya seva, poti 8080, na jboss-client.jar iliyoko bin/client iwe kwenye classpath, orodha ya mahali Java inapotafuta maktaba. Ukiona NoInitialContextException, hata seva hujaigusa, jndi.properties yako haijasomwa. Mtumiaji mtengeneze kwa add-user.sh, awe wa application, kundi la guest, na umtaje tena kwenye createConnection.

Bado sijamaliza na connectors. Ukiwasha seva kwa 0.0.0.0, http-connector inabeba jina la mashine badala ya IP, na logi inakuonya mapema kabisa kwa maneno "Switching to". Klaienti isipolifahamu jina hilo, AMQ119007 itakurudia ukiwa na RemoteConnectionFactory iliyo sahihi kabisa. Jaribu kulipigia ping jina hilo ukiwa kwenye mashine ya klaienti. Lisipogeuzwa kuwa IP, liingize kwenye DNS au kwenye faili la hosts, au uipe connector anwani inayofikika.

Bandika hapa sehemu yako yote ya messaging-activemq pamoja na erori nzima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Na huyo aliyekushauri mwite aje kwenye uzi huu atueleze in-vm ni nini.