"Motisha ya ndani" si ile inayotolewa bila risiti

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naandaa karatasi za mafunzo kwa walimu wa shule za msingi hapa Kadutu. Nazitoa kwenye Kifaransa, na zinaeleza nadharia za kile kinachomfanya mtu afanye kazi au asome kwa moyo. Kifaransa kinataja motivasio mbili, moja ya ndani ya mtu na nyingine ya nje. Nikaandika "motisha ya ndani". Nilipowasomea wenzangu, mmoja akauliza: "Ya ndani ndiyo ile inayotolewa bila risiti?" Chumba kizima kikacheka. Nitumie neno gani? Tena, je, naweza kusema "kumotisha mwanafunzi"? – Mama mwalimu, Bukavu

Jibu: Marahaba, mama. Mwenzako hakukosea. Wewe uliandika Kiswahili cha kamusi, yeye akakisoma kwa Kiswahili cha Bukavu, na katika Kiswahili cha Bukavu motivasio ni franka.

Sote tunajua ilivyoanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu wa Zaire, Kongo ya leo, uliliwa na kupanda kwa bei, walimu wakagoma, na ili shule zisifungwe wazazi wakakubali kumwongezea mwalimu kitu kila mwezi. Kitu hicho kikaitwa motivasio. Jina lilikuwa la adabu, maana hakuna aliyetaka kusema wazi kwamba mzazi ndiye anayemlipa mtumishi wa serikali. Nakumbuka marehemu mama akifungua fundo kwenye ncha ya kitenge, akihesabu noti mara mbili, kisha akiniambia nizishike mkononi, nisizitie mfukoni. Siku ambayo fundo lilikuwa tupu, jina langu lilisomwa na nikafukuzwa pamoja na wenzangu. Tulishuka mlima tukiimba. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba neno hilo lina maana nyingine mahali popote duniani.

Elimu ya msingi ya bure ilitangazwa mwaka 2019, lakini neno halikurudi darasani. Lilikuwa limeshahamia barabarani na maofisini: "Unimotive kidogo, papa," yaani nipe chochote, mzee. Kwa hiyo ukimwandikia mwalimu wa Kadutu kwamba mwanafunzi anahitaji "motisha ya ndani", lazima afikirie bahasha.

Usidhani ni sisi tu. Hata Dar es Salaam na Nairobi, mkuu wa kazi akitangaza "motisha kwa wafanyakazi", watu husubiri posho au bonasi, hawasubiri hotuba. Tofauti ni kwamba kule neno limebaki na maana zote mbili, na vitabu vyao vya ualimu vinaandika "motisha ya ndani" bila mtu kucheka. Hapa maana moja imeimeza nyingine.

Ushauri wangu: kwa jina la jumla andika *msukumo*. Kila mtu anajua kusukuma ni nini, hasa katika mji wa milima kama huu. Msukumo wa nje uite *kichocheo*. Ule wa ndani uite *ari*. Neno motisha liachie aya inayozungumzia fedha. Huko litaeleweka mara moja.

Kwa nini ari? Kiarabu kilichotupa neno hilo kinalitumia kwa maana ya aibu. Waswahili walilipokea wakaligeuza: mwenye ari ni yule anayeona haya kushindwa, asiyengoja kusukumwa. Wataalamu wa saikolojia watasema kwamba kuona haya na kupenda kazi yenyewe si kitu kimoja, na ni kweli. Hata hivyo sikia watu wanavyolitumia leo: "ana ari ya kusoma". Aibu imeshayeyuka ndani ya neno, nia imebaki. *Hamasa* ni dada yake, lakini hamasa ina kelele za mkutano wa hadhara na hupoa jioni.

Sasa nikuonyeshe mahali ambapo Kiswahili kitakusaidia kuliko Kifaransa chako. Bila shaka karatasi zako zina jaribio la mwaka 1973 la wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett, lililofanywa katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichagua watoto wa miaka 3 hadi 5 waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo litachora. La pili halikuahidiwa kitu, ila baada ya kuchora likashtukia linapewa cheti kile kile. La tatu halikuahidiwa wala halikupewa. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zikawekwa tena darasani, watoto wakaachwa wacheze watakavyo. Waliokuwa wameahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa cheti hawakupungukiwa na hamu hata kidogo.

Kifaransa kinaita vyeti vyote viwili kwa neno moja, na mtafsiri mvivu ataandika "zawadi" kotekote, jaribio zima limfie mikononi. Kwetu kitu ulichopatana nacho kabla ya kazi si zawadi. Ni *ujira*. Zawadi ni ile inayokuja bila mapatano. Mtoto aliyeahidiwa cheti alikuwa kibarua, na kibarua asipolipwa haendi shambani. Andika ujira kwa kundi la kwanza na zawadi kwa la pili, na walimu wako watalielewa tokeo kabla hujalieleza.

Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, naye usimpitishe haraka. Mwaka 1959 alitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh: yanayomfurahisha mtu kazini, kama kufanikiwa, kutambuliwa na kazi yenyewe, si kinyume cha yanayomuudhi, kama usimamizi mbovu, mazingira ya kazi na mshahara. Haya ya pili aliyapa jina la kitabibu, la usafi. Ukitafsiri neno kwa neno utapata "vipengele vya usafi" na walimu watatafuta fagio. Andika *mambo ya kinga*. Kunawa mikono kunazuia kipindupindu, lakini hakumshibishi mtu. Ila chunga mdomo wako hapo, mama. Wahasibu wale walikuwa na mshahara uliofika kila mwezi. Ukisimama mbele ya mwalimu anayedai miezi kadhaa ukamwambia mshahara hauleti msukumo, atakuuliza wewe umekuja kwa nauli ya nani.

Na "kumotisha"? Naisikia, hata redioni, na najua inatoka wapi. Mkia wa -isha unafanana na ule wa fundisha na lisha, kwa hiyo sikio linaona kitenzi. Lakini kata mkia huo: fundisha inakuachia *funda*, lisha inakuachia *la*. Motisha inakuachia "mot", na hapa Bukavu mtoto wa darasa la nne atakuambia hilo ni Kifaransa cha "neno". Motisha ni nomino: motisha hii, motisha hizi. Mtu *hutiwa* motisha au *hupewa* motisha. Ukitaka kitenzi, chukua *kuhamasisha*, kinachotokana na hamasa kihalali na kina ndugu wengi.

Ndugu hao watumie vizuri. *Hamasishwa* kunataka mtu wa pili aliyefanya kazi hiyo, awepo au asitajwe. *Hamasika* hakumtaki. Mwanafunzi anayesoma kwa sababu umemwonyesha pipi, andika kwamba amehamasishwa. Yule aliyehamasika baada ya kusikia hadithi ya mwezi na jua, mwache hivyo hivyo. Na yule ambaye kengele imeshalia, wenzake wako uwanjani, naye bado ameinamia hesabu ya sehemu huku anatafuna ncha ya kalamu, mwandikie *ana ari*, na usimtafutie kitenzi cha kutendwa.