Kwa nini watu hukimbilia timu kubwa
Mkuu, umeuliza kwa nini mtu aiache timu ya kwao ashabikie klabu ya mbali yenye makombe. Runinga inachangia, hilo halina ubishi: mtoto anawaona mastaa kila wiki, timu ya jirani haionyeshwi. Ila kubwa ni utamu wa kushinda. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walionyesha kwamba wanafunzi wa vyuo Marekani walivaa zaidi nguo za chuo chao Jumatatu baada ya timu kushinda. Midomoni ikawa "tumeshinda", ikipigwa, "wamefungwa". Si ndiyo sisi hao? Lakini tusiwaite wote bendera fuata upepo. Manchester United haijabeba ligi tangu kocha Ferguson astaafu 2013, na mashabiki wake bado wanabishana usiku kucha.