Anti Tujibu: Siki na magadi soda vinasafisha kweli?

*Shikamoo anti. Nimepanga Mbagala, maji yetu ni ya kisima na yana chumvi balaa, koki za bafuni na jagi la umeme vimeganda ukoko mweupe hautoki hata kwa stilwaya. Dawa za supamaketi hela inaniishia. Jirani kanambia nichanganye siki na magadi soda kwenye chupa niwe napulizia nyumba nzima. Itasaidia?*
Mama Watatu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Siki inasaidia sana na magadi soda nayo inasaidia sana, ila ukivichanganya kwenye chupa moja umeviua vyote viwili. Siki ni asidi, magadi soda ni kinyume chake, vikikutana povu linafumuka unaona kabisa kazi inafanyika, kumbe lile povu ni gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi tu. Halafu ukifunga kizibo chupa inaweza kukupasukia usoni.

Huo ukoko ni chokaa inayokuja na maji ya kisima, na chokaa dawa yake asidi. Nunua siki nyeupe ya kawaida hapo kwa Mangi, tia kwenye jagi nusu siki nusu maji, chemsha, zima uache nusu saa, utaona magamba meupe yanaachia yenyewe yanaelea. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja umwage ndo utumie. Koki huwezi kuizamisha, kwahiyo lowesha kitambaa siki, kizungushie kama bandeji, baada ya nusu saa sugua na mswaki wa zamani halafu suuza vizuri. Huna siki? Kamua ndimu, hata zile zilizoanza kukauka zinafaa. Taili za kawaida hazina shida ila kama sakafu yako ni terazo au saruji siki isiguse hapo, inakula, we tumia maji na sabuni.

Magadi soda kazi yake ni mafuta na masizi. Plati za jiko la gesi zilizoganda mafuta, changanya vijiko vitatu vya magadi soda na kimoja cha maji, pakaa, acha dakika 20, sugua na dodoki na sabuni kidogo. Sufuria za alumini usizipake, zinageuka nyeusi. Na dukani angalia unachopewa, sio bekingi pauda, na sio kostiki soda jamani, ile ya kutengenezea sabuni inaunguza ngozi na macho.

*Anti, geto langu Sinza choo kinanuka. Nikimwaga jiki na siki pamoja si ndo itakuwa kali zaidi?*
Kijana wa Sinza

Usifanye hivyo mdogo wangu, nakuomba. Jiki ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini, inachoma macho na kubana kifua, na vyoo vyetu vingi dirisha lenyewe kiganja. Ukishachanganya toka nje haraka, acha mlango wazi, na ukiona unapumua kwa shida wahi hospitali. Hata mkojo uliotuama haupatani na jiki, flashi kwanza.

Ile rangi ya njano chooni mwagia siki usiku, asubuhi sugua. Jiki iwe siku nyingine, peke yake, na usiidharau maana siki haiui vimelea kwa uhakika. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanza hapa Dar tulikuwa tunahimizwa klorini, na kukiwa na mgonjwa wa kuhara ndani hizi dawa za asili weka pembeni. Na ile jiki ya kupima inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, ukifika nayo nyumbani iandike na uiweke juu, mtoto hajui tofauti.

*Sinki la jikoni linanuka samaki hata nikiosha na sabuni. Nimwagie nini?*
Dada wa Tandika

Mwaga nusu kikombe cha magadi soda kwenye tundu, acha saa moja, fuatisha maji ya moto, yasiwe yanatokota maana mabomba ya plastiki yanalegea. Harufu ikirudi kesho yake shida iko kwenye ule mkunjo wa bomba chini ya sinki, mabaki yanakaa humo. Tega ndoo, ufungue kwa mkono, utoe uchafu, uoshe na sabuni, ufunge tena.