Mchoro wa presha na ujazo usome kwa kidole

Ukipewa mchoro wa presha na ujazo wa injini, fomula ziache kwanza. Weka kidole kwenye kona ya chini kulia, ujiulize pistoni iko wapi. Vijana ninaowafundisha jioni hapa Ngamiani, Tanga, wengi hukwama kwa kuusoma mstari wa chini kana kwamba ni muda. Ule ni ujazo; wa wima pembeni ndio presha. Kidole kikienda kushoto, pistoni inapanda. Kikienda kulia, inashuka. Kikipanda wima, pistoni haijasogea, presha ndiyo imepaa.

Chukua injini ya petroli, mzunguko wa Otto, yaani hatua zinazojirudia ndani yake. Tuseme silinda ina sentimita za ujazo 500 za hewa na mafuta, presha baa 1. Pistoni inabana mpaka zinabaki 50. Nikiuliza presha imefika ngapi, naambiwa 10, kwa kuwa ujazo umepungua mara kumi. Kumbe ni kama 25! Gesi inayobanwa haraka haipati nafasi ya kupoa, inapata joto, na joto hilo nalo linaongeza presha. Ndiyo maana mstari ule unapanda kwa ukali kuliko wa halijoto isiyobadilika. Hapa usipaharakishe, ndipo penye uzito wa somo zima.

Plagi ikipiga cheche, kidole kinapanda wima. Pistoni inasukumwa chini, kidole kinateremka kulia kwa mstari wa juu, kisha valvu ya ekzosi inafunguka na presha inaporomoka. Dizeli, kama za boti za wavuvi pale Deep Sea, Tanga, haina plagi: nozeli inanyunyizia mafuta kwenye hewa iliyokwisha kupata joto kali kwa kubanwa, na kwenye mchoro kidole kinakwenda mlalo badala ya wima.

Eneo lililozungukwa ndilo kazi. Chora kwenye karatasi ya grafu: kisanduku cha baa 1 kwa sentimita za ujazo 10 ni jouli 1 ya kazi. Vihesabu vilivyo ndani. Kidole kikizunguka kama mshale wa saa, injini inatoa kazi. Kinyume chake inakula kazi, kama kompresa ya friji.

Mchoro uliopimwa kwenye injini yenyewe, mbinu iliyoanzishwa na James Watt na John Southern kwenye injini za mvuke miaka ya 1790, huwa na kona za mviringo. Kwa injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya silinda), chini utaona kitanzi chembamba cha kuvuta hewa na kutoa moshi. Kinazunguka kinyume, kwa hiyo visanduku vyake vitoe kwenye jumla.