Kidonge cha kushusha mapigo ya moyo hakiachwi ghafla

Mama yangu anatumia carvedilol, moja ya dawa za kushusha mapigo ya moyo, tangu vipimo vilipoonesha moyo wake umetanuka. Mimi ndiye ninayemnunulia dawa, kumhesabia mapigo na kumpeleka kliniki. Kuna mengi ya kusema kuhusu dawa hizi, ila lililo zito kuliko yote ni hili: usiziache ghafla, hata kama unajisikia mzima.

Nazungumzia atenolol, bisoprolol, metoprolol, propranolol, carvedilol na ndugu zao. Utazitambua kwenye boksi, majina yao karibu yote huishia na "lol". Propranolol ilitokana na kazi ya Mskoti James Black katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 alipata Tuzo ya Nobel. Madaktari huziandika kwa presha, moyo uliotanuka, maumivu ya kifua, mapigo yasiyo na mpangilio, na pengine kwa ugonjwa wa tezi ya shingo.

Adrenalini huuchochea moyo kwa kupitia milango maalumu, na dawa hizi huiziba. Moyo unapiga taratibu, unapumzika. Lakini mwili nao hauketi kimya: ukiona milango imezibwa kwa muda mrefu, unafungua mingine. Siku utakapokata dawa, adrenalini inaikuta milango mingi kuliko mwanzo, yote wazi. Mapigo yanakwenda mbio, presha inapanda, na kwa mtu ambaye mishipa yake ya moyo imeziba, hapo ndipo maumivu ya kifua au hata shambulio la moyo linapoweza kumpata.

Yalimkuta mama mdogo. Alikwenda msibani Korogwe, siku zikaongezeka, vidonge vya atenolol vikamwishia. Kwa kuwa presha ilikuwa imetulia, akasema ataanza tena akirudi Dar. Haikupita muda, usiku moyo ukaanza kumdunda, kifua kikambana, akakimbizwa hospitali. Swali la kwanza la daktari lilikuwa, "Mama, dawa umeacha lini?"

Kwa hiyo kwetu pakiti mpya inanunuliwa wakati ile ya zamani bado ina vidonge vya wiki nzima, na safari yoyote inabeba akiba. Na kama kuna sababu ya kweli ya kuacha, daktari hupunguza dozi kidogo kidogo, kwa kawaida kwa wiki moja hadi mbili. Wanaume wengi huacha kimyakimya kwa sababu nguvu za kiume zimepungua. Kaka zangu, msione aibu, mwambieni daktari. Dawa inaweza kubadilishwa, na huo ni mwisho mwema kuliko kuitupa mwenyewe.

Jingine linalonikera ni kibahasha cha duka la dawa kilichoandikwa "1x2" basi. Carvedilol ina vidonge vya miligramu 3.125, 6.25, 12.5 na 25. Mgonjwa wa moyo dhaifu kwa kawaida huanzishwa 3.125 mara mbili kwa siku, kisha hupandishwa polepole. Anayetumia 6.25 akipewa cha 25, amemeza mara nne ya dozi yake, na nukta ile ndogo ni rahisi sana kupitwa na macho. Tena wakikata karatasi ya vidonge kwa mkasi, jina linabaki kwenye kipande kilichorudi kabatini. Omba waandike jina la dawa na miligramu juu ya bahasha. Mimi nina picha ya boksi la mama kwenye simu, namwonesha muuzaji kabla sijatoa hela.

Asubuhi, kabla ya kidonge, mama anakaa kitini ametulia kama dakika tano. Naweka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa ndani, chini ya kidole gumba. Gumba langu silitumii kwa sababu lina mapigo yake lenyewe. Nahesabu dakika nzima nikiangalia saa ya ukutani. Mashine ya presha nayo huonesha mapigo, ila yakiwa hayana mpangilio inaweza kukosea, vidole havidanganyi. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, na kwa mtumiaji wa dawa hizi kuwa karibu na 60 mara nyingi ndicho daktari anachotaka. Sisi tulipewa mpaka: yakiwa chini ya 50, tupige simu kabla hajameza. Muulize daktari wako mpaka wako ni upi. Kuzimia, macho kuingia giza, au pumzi kubana ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Carvedilol mama huimeza pamoja na chakula. Tumbo likiwa tupu huingia haraka kwenye damu, akisimama anapata kizunguzungu.

Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa, maana baadhi ya dawa hizi, propranolol hasa, zinaweza kumbana kifua. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari ikishuka huenda asisikie moyo kwenda mbio wala mikono kutetemeka. Jasho ndilo hubaki, kwa hiyo akitoka jasho bila sababu apime. Verapamil na diltiazem, ambazo nazo ni dawa za presha na moyo, zikichanganywa na hizi zinaweza kushusha mapigo ya moyo kupita kiasi. Diclofenac ya maumivu ya mgongo na vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine usinunue bila kumweleza mfamasia unatumia nini.

Ukisahau dozi moja, imeze unapokumbuka, isipokuwa kama ya pili imekaribia, hapo iruke, usimeze mbili kwa pamoja. Ikiwa umekosa siku kadhaa, usirudi mwenyewe kwenye dozi kubwa uliyoizoea. Piga simu kliniki kwanza. Aliyekaa zaidi ya wiki mbili bila carvedilol kwa ajili ya moyo dhaifu kwa kawaida hurudishwa kwenye 3.125 na kupandishwa upya.